Bi Gramu na Kibenchi cha Nyuma

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, Mkuu wa Ofisi ya Uzito atakabidhi funguo zake baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na moja. Jina lake kamili lipo kwenye jalada la ratiba hii, pamoja na picha ambayo ameshailalamikia. Humu ndani tutamwita kama tunavyomwita siku zote: Bi Gramu akiwa hayupo, Shangazi akiwepo.

Wageni waalikwa huenda wakajiuliza ofisi ya uzito ni kitu gani. Sisi tunatengeneza magari madogo, madogo kiasi kwamba watu wawili wenye afya wanaweza kuinua upande wa nyuma na kulisukumia gari pembeni likiwa limeziba njia. Sheria inayaita magari mepesi, na leseni yake ni nyepesi vilevile, mradi gari tupu lisizidi kilo mia nne na hamsini. Likizidi hapo linahesabiwa gari kamili, na wateja wetu, ambao ni wakunga, wasambaza barua, mafundi wa simu na wanafunzi, hawaruhusiwi tena kuliendesha kwa leseni waliyonayo. Kwa hiyo uzito kwetu si jambo la mapambo. Mpaka ule ukivukwa, hatuna mteja, na tusipokuwa na mteja hatuna kiwanda. Aliyesimama kwenye mpaka huo kwa miaka yote hii ni Bi Gramu.

Hakuanzia hapo. Aliajiriwa kama karani wa stoo, kazi ya kuhesabu nati na bolti. Mzee Mwanzilishi, aliyekuwa fundi wa pampu za maji kabla hajafunga injini ya pampu kwenye fremu ya magurudumu matatu, aliingia stoo siku moja akamkuta msichana huyo mpya ameshika bolti ya mlango, anaitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. Alimwuliza ana shida gani. Akajibiwa kwa swali: zile nyuzi zinazochungulia nje ya nati zikishakazwa zinafanya kazi gani? Mzee akafikiri, akasema hazifanyi kazi yoyote. "Basi kwa nini tunazibeba?"

Wiki iliyofuata bolti zote za milango zilifupishwa, na msichana akapewa meza, mizani na kiti. Kiti kilikuwa na mikono. Aliing'oa mwenyewe.

Kanuni yake inajulikana hata na walinzi wa getini. Ukitaka kuongeza kitu chochote kwenye gari, njoo na kitu kingine cha uzito uleule cha kutoa. Meneja wa mauzo aliyetaka nembo inayong'aa mbele ya gari alilazimika kuja na kisahani cha majivu mkononi, na bado akaambiwa hakijafika, arudi na kitu kingine. Fundi wa rangi aliyeomba kikombe cha ziada kwenye chumba cha chai aliulizwa anatoa vijiko vingapi. Tulicheka, lakini tulijifunza. Nimefanya kazi chini yake kwa miaka minne, na mpaka leo siwezi kupanga begi la safari bila kuhisi kuna mtu amesimama nyuma yangu akinitazama kwa subira.

Kila aliyeajiriwa hapa alianzia banda la nyuma, ambako magari ya zamani yamepangwa kama viatu mlangoni. Huko Bi Gramu alifundisha historia ya magari madogo bila kipande cha karatasi. Alianza na miaka ya baada ya vita kuu ya pili, mafuta yakiwa adimu na chuma kikiwa cha kutafuta kwa tochi. Watengenezaji wa ndege waliokatazwa kutengeneza ndege waligeukia vigari vya magurudumu matatu, abiria akikaa nyuma ya dereva, juu yao kifuniko cha kioo kama cha rubani. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa ikitengeneza majokofu, ikaja na gari lenye umbo la yai na mlango wa mbele usoni. Bi Gramu husema ukilifungua unatarajia kukuta maziwa. Kwenye kisiwa kimoja kidogo walitengeneza gari la mtu mmoja lisilo na gia ya rivasi. Ukitaka kurudi nyuma unashuka, unashika mpini, unalivuta kama toroli. Kwingine waliizima injini na kuiwasha upya izunguke kinyume, gari likawa na gia nne za kwenda na nne za kurudi. Hapo alituacha kwanza tumfikirie mtu anayerudi nyuma kwa gia ya nne.

Gari letu la kwanza nalo lilikuwa mkasa. Mzee Mwanzilishi aliupenda sana ule mlango wa usoni, akauiga, na gia ya rivasi hakuiweka kwa sababu ni nzito. Mhasibu wa wakati huo alikabidhiwa gari jipya kabisa. Akaliegesha vizuri, akisogea mbele taratibu mpaka likagusa ukuta wa ofisi yake, akazima injini, akachukua mkoba wake, kisha akagundua. Mlango uko mbele, ukuta uko mbele, na nyuma hakwendeki. Alipiga honi, na watu waliokuwa wakipita walimpungia mkono wakidhani anaringia gari. Alitokea juu, kwenye paa la turubai, kichwa kwanza kama kifaranga, na tai yake ilibaki imenaswa ndani. Tangu siku hiyo kampuni ina gia ya rivasi. Bi Gramu alisema ni uzito pekee uliowahi kuongezwa bila yeye kupinga.

Baada ya mikasa hiyo aliuliza swali lake. Yale mayai yote yaliyojaza barabara wakati mmoja, mbona yalikufa haraka hivyo? Sisi waajiriwa wapya tulijibu kila mmoja kwa elimu yake: yalikuwa na kelele, yalikuwa hatari, mafuta yalishuka bei. Akatikisa kichwa. "Yalikufa kwa sababu wawili walipata wa tatu." Watu walioa, wakazaa, na kwenye yai hapakuwa na pa kumweka mtoto. Waliosalimika ni wale waliomkumbuka mtu wa tatu: waliogeuza injini ikae kwa upana na kusukuma magurudumu pembeni kabisa ili watu wanne waenee, na mafundi wa ile nchi ya visiwa ambayo sheria zake huyapendelea magari madogo, waliojifunza kupanga viti vinne pale ambapo wengine wangepanga viwili. Gari dogo, alituambia, halipimwi kwa lilichoacha tu. Linapimwa pia kwa nani lilikataa kumwacha.

Sikujua wakati huo kwamba alikuwa anasimulia habari zake.

Binti yake, ambaye sasa ni muuguzi na yuko nasi leo, ndiye aliyenieleza. Alipokuwa na umri wa kwenda chekechea, kampuni ilikuwa na aina moja tu ya gari, la viti viwili. Asubuhi moja Bi Gramu alikuwa anampeleka mama yake mzazi hospitali, mguu wa bibi ukiwa umevimba, na mtoto amekaa nyuma kwenye rafu ya mizigo. Askari wa barabarani akawasimamisha, akachungulia ndani. "Mama, huyo ni mzigo au abiria?" Kabla mama hajajibu, mtoto akajibu mwenyewe: "Mimi ni abiria, ila nimekosa kiti." Askari alicheka mpaka akashika kofia, lakini hakuwaruhusu. Ilibidi mmoja ashuke: bibi asiyeweza kutembea, au mtoto asiyejua njia. Bi Gramu aliliacha gari palepale, wote watatu wakaenda kwa miguu, bibi akijikongoja katikati.

Alifika kazini mchana, uso umekunjamana, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mwanzilishi na kusema anataka kuongeza kitu kwenye gari. Mzee alidhani hakusikia vizuri.

Kile kitu ndicho tunachokiita kibenchi: kikalio kidogo cha nyuma, cha kumtosha mtoto mmoja, au mtu mzima mwenye unyenyekevu. Kilikuwa na uzito wa kilo sita, na kanuni ilikuwa ya kwake mwenyewe, kwa hiyo hakuomba kusamehewa. Alizitafuta kilo sita zile kwa karibu mwaka mzima. Mashine za kupandishia vioo vya milango zilitolewa, vikaja vioo vya kuteleza. Waipa mbili zikawa moja. Vifuniko vya magurudumu vikaenda. Kilo ya mwisho ilitolewa na mkuu wa karakana ya injini, anayeitwa Pistoni mpaka na mkewe, aliyekubali kutengeneza upya kishikio cha ekzosi baada ya kuapa kwa Mungu kwamba haiwezekani. Kibenchi kikaingia. Wakunga wakaanza kuja na watoto wao kujaribu gari, na kile kiwanda kilichokuwa kinahema kwa shida kikapata pumzi iliyotufikisha hapa.

Kwa miaka thelathini na moja Bi Gramu ametoa. Kibenchi ndicho kitu pekee alichowahi kuongeza.

Nayaeleza haya kwa urefu ili msomaji aelewe yaliyotokea mwaka huu, ambao ulikuwa wa mwisho kwake na mgumu kuliko yote.

Gari letu jipya lina vyuma ndani ya milango vya kulinda mbavu za abiria ajali ikitokea. Hakuna mwenye akili anayebishana na vyuma hivyo, lakini ni vizito. Gari likiwa bado kwenye michoro, kila karakana husema kwenye kikao cha Jumatatu kifaa chake kitakuwa na uzito gani kikishatengenezwa, na Bi Gramu hujumlisha kwa chaki ubaoni. Jumla ilitoka kilo mia nne hamsini na sita na ushee. Tulipunguza, tukabana, tukajibana, haikushuka. Na sakafu ya gari ilikuwa inasubiri kukatwa: ikishakatwa bila sehemu ya kufungia kibenchi, kibenchi hakirudi tena.

Kibenchi cha sasa, na mikanda yake na fremu yake, kinakaribia kilo saba. Kila mtu kikaoni alijua hesabu hiyo, na hakuna aliyethubutu kuitamka. Watu walipendekeza mambo ya ajabu. Mmoja alisema tupake rangi upande mmoja. Mwingine alisema tuuze gari bila honi, mteja apige kelele mwenyewe. Tulicheka kicheko cha watu waliofiwa.

Bi Gramu alisubiri kicheko kiishe. "Toeni kibenchi," alisema.

Mama Pamba, anayeongoza karakana ya viti na aliyeshona kibenchi cha kwanza kwa mikono yake, alisimama. "Shangazi, hapana."

"Anayesema hapana ni nani, wewe au mizani?"

Mama Pamba akakaa. Bi Gramu akafuta namba moja ubaoni, akaandika nyingine, akapangusa chaki kwenye vidole, akatutakia kazi njema. Nilimtazama akitoka. Alitembea kama kawaida yake, mgongo umenyooka. Ni mlango tu aliokosea, akafungua wa kabati.

Kilichofuata Mama Pamba amekisimulia kwenye chumba cha chai mara nyingi kiasi kwamba tungeweza kukiigiza. Alitoka kikaoni akaenda kumkuta Pistoni karakanani, akafunga mlango.

"Umeficha ngapi?"

"Nimeficha nini tena, dada yangu?"

"Usinifanye mtoto. Mimi nimeficha kilo moja na nusu kwenye sifongo. Wewe umeficha ngapi?"

Pistoni alitazama dari, akatazama viatu vyake. "Mbili," alisema. "Na kidogo."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Bi Gramu alikuwa na tabia moja ambayo sisi wanafunzi wake tuliipenda na wakuu wa karakana waliiogopa: ukimpa namba, huichukua na kukuomba upunguze. Ukitaja kilo kumi za kweli, atakwambia lete tisa. Mtu mkweli aliumia. Kwa hiyo kila mkuu alijifunza kutia chumvi, akataja kumi na moja huku moyoni anajua kumi, ili akibanwa awe na cha kutoa. Kifaa kilipotoka karakanani chepesi kuliko kilivyotajwa, Bi Gramu alifurahi, akampongeza mhusika mbele ya wote. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kwenye magari ya nyuma, yaliyokuwa na nafasi, haikudhuru kitu. Kwenye gari hili lililobanana, chumvi ya kila karakana ilirundikana ubaoni na kuwa uzito, uzito wa kitu ambacho hakipo, na kitu hicho ambacho hakipo kilikuwa kinaenda kumtoa mtoto kwenye gari.

Jumatatu iliyofuata Mama Pamba alisimama kabla kikao hakijafunguliwa, akaitaja namba yake ya kweli. Pistoni akafuata. Kisha wa bati, wa milango, wa taa, wa usukani, mmoja baada ya mwingine kama watu wanaovua kofia. Wa usukani alikuwa ameficha kilo nzima kwenye kitu chenye uzito wa sufuria. Hata leo hatujaelewa alivyoweza.

Bi Gramu alivua miwani.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiwapongeza wezi."

"Si wezi, Shangazi," Pistoni alisema. "Tulikuwa tunaweka akiba."

"Akiba anayofichwa mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba akiwa mkali, ndiyo."

Tulidhani atamkaripia. Hakumkaripia. Alisimama dirishani kwa muda, akitazama uwanja ambako magari yaliyokamilika husubiri kuchukuliwa, na alipogeuka alisema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alisema namba ya kweli inahitaji mahali pa kukaa bila kupigwa, na yeye hakuipa mahali hapo. Alisema angependa kulijua hilo mapema zaidi. Kisha akachukua chaki. "Haya, semeni tena. Taratibu. Leo siombi punguzo."

Kama ningeulizwa kwa nini tunamheshimu, ningetaja dakika hiyo kabla ya bolti na vioo vya kuteleza. Nimesoma na watu wengi hodari. Sijaona wengi ambao, wakikaribia kabisa mwisho wa kazi ya maisha yao, wanaweza kuonyeshwa ufa katikati yake, wakauangalia, na kuendelea na kazi.

Sakafu ilikatwa ikiwa na sehemu ya kibenchi. Mwezi uliopita gari la kwanza kamili lilisukumwa kwenye ukumbi wa vipimo, likapandishwa kwenye mizani nne, moja chini ya kila gurudumu. Kiwanda kizima kilikuwepo, mpaka mpishi. Binti yake aliomba ruhusa kazini akaja na sare yake ya hospitali. Bi Gramu alizisoma mizani moja moja, akajumlisha kichwani, akarudia, maana hata furaha huwa anaihakiki. Kilo mia nne arobaini na nane. Kibenchi kikiwa ndani.

Zogo lililozuka hapo sitaliweza kwa kalamu. Pistoni alilia waziwazi, akasingizia moshi, na hakukuwa na injini iliyowashwa. Kelele zilipotulia kidogo, kila mtu akaikumbuka ile tofauti. Kilo mbili za bure! Meneja wa mauzo alitaka spika za redio. Mama Pamba alitaka sifongo nene zaidi. Wa taa alitaka taa ya ndani inayozima polepole kama ya sinema. Walimzunguka wakipunga mikono kama watoto mbele ya muuza aiskrimu.

Bi Gramu aliweka kiganja juu ya paa la gari. "Ziacheni," alisema. "Msizifiche, nitaziandika ubaoni kila mtu azione, lakini ziacheni. Anayekuja naye atahitaji pa kuanzia."

Anayekuja ni mimi ninayeandika ukurasa huu. Kuanzia Jumatatu nitakaa kwenye kile kiti kisicho na mikono, na wakuu wa karakana wataniletea namba zao, na nitalazimika kuzipokea kwa namna itakayowafanya waniletee za kweli tena Jumatatu itakayofuata. Naogopa, na sioni haja ya kulificha hilo. Ila ubaoni pameandikwa mbili, kwa mwandiko wake.

Shangazi, kwa niaba ya karakana zote, ofisi zote na jiko, pokea shukrani zetu kwa kazi uliyoifanya na kwa jinsi ulivyoifanya. Lala mpaka uchoke kulala. Safiri, na ubebe chochote unachotaka, hakuna atakayekuuliza umetoa nini. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wengi wa kugombea kile kibenchi, na maisha yako ya mbele yawe mema kama ulivyotutakia sisi yetu.